Mtani Wetu na Paja la Mbwa

Mbwa wa baba aliingia Dodoma mjini amekaa kiti cha mbele, na kaka yangu, mwenye gari, amenuna. Baba alikaa nyuma na magunia ya uwele. Alipoulizwa kwa nini mbwa akae mbele, alisema mgonjwa hukaa mbele, na kwamba hata bibi alipopelekwa hospitali alikalishwa hukohuko. Gari liliposimama mlangoni kwangu, Makole, mbwa alishuka kwa miguu mitatu, ule wa nyuma wa kushoto ameukunja chini ya tumbo kama mtu anayeficha kitu kwapani, akakojolea maua yangu, kisha akalala kivulini kana kwamba nyumba ameipanga yeye.

Kwetu ni kijijini, ukiishika barabara ya kwenda Mtera, upande ambao mvua ikikaribia hubadili mawazo. Tangu mama afariki, baba anaishi huko na mbuzi wake na mbwa huyo. Sisi watoto tuliamini kwamba baba anawafuga mbuzi na mbwa anawasaidia. Ilituchukua muda kuelewa kwamba mambo yalikuwa kinyume: mbwa ndiye aliyekuwa akichunga, na baba alikuwa akimsindikiza.

Ajali yenyewe haikuwa na maajabu. Mbuzi mmoja alichepuka kuelekea mtama wa jirani, mbwa akamfuata, akakata kona kwa kasi, na mguu ukazama kwenye shimo la mhanga, mnyama mla mchwa, huku mwili ukiendelea na safari. Alilia mara moja tu. Alirudi nyumbani kwa miguu mitatu, goti limevimba. Baba akampaka mafuta ya kondoo, kwa sababu mafuta ya kondoo ndiyo anayopaka kila kitu, ikiwemo bawaba za mlango. Uvimbe ukapungua kidogo, mbwa akaanza kugusisha kucha chini akisimama. Baba akahesabu kazi imekwisha.

Kisha akanipigia simu.

"Binti, mbwa analiwa paja."

"Na nani?"

"Hakuna anayemla. Linaisha lenyewe."

Baba ana macho ya mfugaji. Hawezi kukwambia mjukuu wake yupi anasoma darasa gani, lakini anaweza kusimama nyuma ya mnyama, akafumba jicho moja, akakwambia nyonga ya kushoto imeshuka. Alikuwa ameliona paja la kushoto la mbwa linasinyaa, ngozi imelegea, mfupa unaanza kujitokeza, wakati la kulia limejaa kama kawaida. Kwa hesabu zake za mfugaji, palipokonda ndipo penye ugonjwa. Kwa hiyo akahamisha mafuta ya kondoo kutoka kwenye goti akayapeleka kwenye paja.

Kaka alipopata habari hizi, alifurahi kwa namna ambayo mtu hufurahi akiwa na adabu. Tangu msiba wa mama alikuwa akitafuta sababu ya kumtoa baba kijijini. Alijaribu umri, baba akasema umri unamfuata mtu hata mjini. Alijaribu umbali wa kisima, baba akasema maji ya mjini nayo yana tabia ya kutokuja. Safari hii alikuwa na hoja isiyo na mlango wa kutokea: mtu mmoja mzee hawezi kuchunga mbuzi peke yake porini, na fisi wa upande ule hawana haya. Bila mbwa, hakuna mbuzi. Bila mbuzi, hakuna sababu ya kukaa kule.

Baba aliisikiliza hoja hiyo sebuleni kwangu, amejifunga lubega, soda mkononi. Akasema, "Sawa. Mbwa akipona, narudi naye. Asipopona, mbuzi gawaneni, mimi nitakaa hapa kibarazani niwe naangalia magari ya wakubwa yakipita."

Hivyo ndivyo maisha ya baba yangu yalivyotundikwa kwenye paja la mbwa. Mbuzi tuliwaacha kwa jirani wa kijijini, mtu aliyewapenda mbuzi wetu zaidi kidogo kuliko tulivyotaka awapende. Mimi, nisifiche, nilikuwa upande wa kaka. Nilitaka baba akae Makole, ale chakula cha moto, na mimi nilale bila kuwaza fisi. Lakini pia ni mimi niliyekuwa na nafasi ya kumpeleka mbwa kwa daktari, na niliwahi kuwa mwandishi wa habari kabla sijaenda Mtumba kuandika taarifa za wizara. Kazi ile ya zamani haikutoki: ukiambiwa paja linaisha lenyewe, lazima uulize linaishaje.

Kliniki ya mifugo ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwangu. Daktari alikuwa kijana mrefu, koti jeupe, mikono mikubwa kama ya golikipa. Alimwamkia baba vizuri kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Nimezaliwa ng'ambo ya bwawa la Mtera, mzee. Upande wa Iringa."

Baba akamshika mbwa shingoni kwa mikono miwili. "Binti, twende nyumbani. Umemleta mbwa kwa Mhehe."

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze hapa mara moja. Wagogo na Wahehe ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakuvua kofia akaivaa, akaja kwenye msiba wako akajilaza kaburini akidai ndiye marehemu, na wewe huruhusiwi kukasirika; ukikasirika, unaonekana hujalelewa. Sisi husema Wahehe wanakula mbwa. Wao husema Wagogo tumezaliwa tukiwa tumenyoosha mkono kuomba. Hakuna anayetaka upande wowote uthibitishe. Ushahidi ungeharibu mchezo.

"Usiogope, mzee," daktari alisema, akiwa ameshapiga magoti mbele ya mbwa. "Huyu amekonda mno. Mlisheni kwanza. Anaitwa nani?"

"Haitwi. Anakuja mwenyewe."

"Hata jina mmekosa la kumpa? Si mngeomba kwa majirani."

Baba alicheka, na nikajua tumefika kwenye mikono salama, jambo ambalo lilikuja kuwa tatizo letu kubwa. Mbwa akalazwa ubavu juu ya meza. Daktari akayashika mapaja yote mawili, moja kila mkono, akiyaminya polepole na kuyalinganisha.

"Hapo unapima ugonjwa au unapima kilo?" baba aliuliza.

"Vyote viwili."

Kisha akaliacha paja, akaenda kwenye goti. Kwa mkono mmoja alishika mfupa wa paja juu kidogo ya goti, kwa mwingine akashika wa chini, akausukuma huu wa chini mbele taratibu. Nikauona ukiteleza. Haukuteleza sana, lakini uliteleza kama droo ya meza inayofunguka bila kuombwa. Akarudia kwenye mguu mzima. Ule haukusogea hata kidogo. Baba aliacha kutabasamu. Alikuwa ameshika miguu ya wanyama maisha yake yote na hakuwa amewahi kuiona droo hiyo.

Daktari alieleza, na nitaeleza kama nilivyomwelewa. Ndani ya goti kuna kano, uzi mgumu unaofunga mfupa kwa mfupa, na kazi yake moja kubwa ni kuuzuia mfupa wa chini usiteleze mbele mbwa anapokanyaga. Siku ya shimo la mhanga uzi huo ulikatika. Tangu hapo, kila mbwa akikanyaga, goti linacheza na kuuma, kwa hiyo ameamua kutokanyaga. Hapo ndipo paja linapoingia. Misuli ya paja ni kama ofisi: ikiona kazi haiji, inapunguza watu. Na haingoji mwaka wa fedha uishe. Ndani ya wiki chache tu unaona kwa macho. Msuli wa mbele, ule unaolinyoosha goti, ndio unaokonda kwa haraka zaidi, kwa sababu goti lililovimba linapeleka habari kwenye mishipa ya fahamu kwamba huyo bwana apumzishwe, na anapumzishwa hata siku ambayo mbwa angependa kumtumia.

"Kwa hiyo paja si gonjwa," baba alisema.

"Paja halina kosa, mzee. Limekosa kazi tu. Lakini sasa limelegea, haliwezi tena kulisaidia goti kutulia. Goti likicheza, mbwa hakanyagi. Asipokanyaga, paja linazidi kwisha. Vinazungukana hivyo mpaka mguu unabaki pambo."

Nikauliza kuhusu upasuaji. Akasema upo, kwa wanaoufanya, lakini si pale kwake. Na kwa mbwa mwembamba kama huyu inafaa kujaribu kwanza njia nyingine. Goti lenyewe hujikazia kidogo kadiri miezi inavyopita, ngozi ya ndani inakuwa nene, mradi paja lisife kwanza. Akatoa dawa ya maumivu, akakataza kuruka, kukimbia na kunenepa. Kisha akatamka maneno ambayo yalitugharimu.

"Asubuhi na jioni, mzee, mfunge kamba shingoni, utembee naye. Polepole. Pole kuliko unavyodhani. Akienda haraka ataukunja mguu na kurukaruka kwa mitatu. Akienda pole sana hatakuwa na ujanja, itabidi aukanyage. Kukanyaga huko ndiko dawa ya paja. Anza na umbali mfupi, uwe unaongeza."

"Nani atembee naye?"

"Wewe, mzee. Vaa vizuri. Mpitishe sokoni watu waone Mgogo naye kafuga."

Angeishia kwenye umbali mfupi, kisa hiki kisingekuwepo.

Kwetu mbwa hafungwi kamba akatembezwa. Mbwa hutangulia au hufuata. Akifungwa kamba ni ama amepata kichaa ama ameibiwa. Mzee mwenye lubega na fimbo, anayevutana na mbwa kwa mwendo wa bibi harusi katikati ya Makole, ni picha ambayo mtani pekee ndiye angeweza kuifikiria. Baba alitoka kliniki akicheka. Alicheka njia nzima. Jioni alimsimulia kaka kwenye simu, akaigiza na sauti ya daktari: "Vaa vizuri, mpitishe sokoni." Kaka naye akacheka mpaka simu ikakatika.

Mimi nilikuwa naondoka asubuhi kwenda Mtumba na kurudi jioni nimechoka. Nikifika namkuta mbwa amefungwa mnyororo chini ya mwarobaini, bakuli la maji pembeni, baba kwenye kiti. Nikiuliza kama wametembea, baba anaangua kicheko mpaka anajifuta machozi kwa pembe ya lubega. Mimi nilikichukua kicheko hicho kama ndiyo. Nilidhani anafurahia matembezi.

Dawa ya maumivu alimpa barabara, kwa sababu dawa si utani. Kumkataza kuruka pia alizingatia, ndiyo maana ya mnyororo. Alikuwa ameuchambua ushauri wa daktari kama mtu anayepepeta mtama: hii ni punje, hii ni pumba. Matembezi aliyaweka kwenye pumba.

Tuliporudi kliniki, daktari alitoa futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani, akaizungusha kwenye paja la kulia, kisha la kushoto, akarudia. Hakusema neno la utani.

"Limepungua zaidi. Mnatembea naye?"

Baba alitabasamu. "Mtani, ule ulikuwa mzuri. Makole nzima imecheka."

"Upi?"

"Wa sokoni."

Daktari aliniangalia. Mimi nikamwangalia baba. Nadhani wote wawili tulifika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

"Mzee, ule haukuwa utani."

"Ehe."

"Ile ndiyo dawa yenyewe. Mbwa akikaa bure paja linakufa."

"Endelea, endelea. Unajua sana."

"Haki ya Mungu, mzee, sitanii."

"Hivyohivyo ndivyo mtani anavyoapa."

"Nimesoma Morogoro kazi hii."

"Na huko wamekufundisha vizuri. Hata uso haucheki."

Nikaingilia. Nikasema mimi ni binti yake, si mtani, na daktari anasema kweli. Baba aliniangalia kwa huruma, kama anayemwona mwanawe ameuziwa saa bandia kituo cha basi. "Wewe ameshakumaliza," alisema. "Ndiyo kazi yao."

Nimeripoti mikutano mingi ambayo watu wawili hawakuelewana, lakini sikuwahi kuona mtu asiye na njia kabisa ya kuaminika kama yule daktari. Kila alichokitumia kuwa mkweli ndicho ambacho mtani mahiri angekitumia. Akikunja uso, anaigiza. Akiapa, ananogesha. Akinyamaza, anasubiri tucheke. Na juu ya meza mbwa alikuwa amelala, paja lake limekuwa bapa kama mfuko uliomwagwa unga, na pamoja nalo mbuzi wa baba, nyumba ya baba, na kila kitu alichosema atakirudia. Nilitambua pia kwamba kama ningenyamaza, kaka na mimi tungepata tulichotaka bila kunyoosha kidole. Nilinyamaza kwa muda mfupi.

"Kama si utani," baba alisema, "tembea naye wewe. Na huohuo mwendo wako. Mpaka sokoni."

Daktari alifungua mnyororo, akamfunga mbwa kamba, akamshusha mezani kwa kumbeba, akatoka nje na koti lake jeupe.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mtaa umejaa. Alitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Baba na mimi tulifuata nyuma. Hatukufika mbali vijana wa bodaboda wakamwona.

"Daktari, leo kitoweo kinajipeleka chenyewe?"

Daktari alikuwa ameinamisha kichwa, anautazama mguu wa kushoto. Mbwa akijaribu kuongeza mwendo na kuukunja, yeye anaifupisha kamba, anasimama, wanaanza upya.

Mama anayeuza nyanya akaulizwa na mwenzake kwa sauti ya kusikika hadi Kondoa, "Mbona anamtembeza taratibu hivyo?"

"Mhehe huyo. Anataka nyama ilainike kabla ya sufuria."

Watu wakacheka, baba wa kwanza. Alimtazama daktari akisubiri jibu. Utani wetu una sheria: ukitupiwa neno, unalirudisha, tena likiwa kali zaidi. Neno la yule mama lilikuwa zuri, na jibu lake lilikuwa hapo hapo, hata mimi nililiona. Alikuwa Mgogo na mbele yake kulikuwa na kisahani cha chenji. Mhehe yeyote angeliokota. Daktari alilipita kama hakulisikia. Alikuwa amepiga goti moja vumbini, mkono juu ya paja la mbwa, anaangalia msuli unavyokaza mguu unapoteremka.

Hapo baba aliacha kucheka. Akaikaribia kamba. Akainama, akaangalia chini, kwenye vumbi walikopita. Huko nyuma, karibu na kliniki, palikuwa na alama za miguu mitatu na mchubuko. Hapa alama zilikuwa za miguu minne. Ya nne ilikuwa nyepesi, imegusa upande wa vidole tu, lakini ilikuwepo, na ilikuwepo tena mbele yake, na tena. Baba anasoma nyayo kuliko anavyosoma gazeti.

"Anakanyaga," alisema.

"Akienda pole," daktari alisema.

"Kwa nini hukumjibu yule mama?"

"Nipo kazini, mzee."

Baba aliichukua kamba mkononi mwake. Wakarudi kliniki yeye mbele na mbwa, mwendo uleule, na kila aliyemcheka alimpita kama jiwe.

Kuanzia siku hiyo Makole ilipata burudani. Asubuhi kabla jua halijapata nguvu, na jioni likishapoa, mzee mmoja mwenye lubega, fimbo na viatu vya matairi alionekana akitembea na mbwa kwa kasi ya foleni ya benki. Mwanzoni aliona haya. Alichagua vichochoro. Lakini mjini hakuna kichochoro kisicho na mtu, na ukichekwa kila siku, mwishowe unajifunza kujibu.

"Mzee, mbona mifugo imebaki mmoja?" jirani alimuuliza akiwa anamwagilia maua.

"Wengine wapo Mtumba. Wamepata kazi."

Jirani huyo hufanya kazi Mtumba. Mimi pia.

Taratibu baba akaongeza safari. Akagundua mteremko mpole nyuma ya kanisa, akawa anampandisha mbwa pale, kwa sababu daktari alisema kupanda mlima pole kunalazimisha miguu ya nyuma kusukuma. Akamfundisha kuketi na kuinuka, kuketi na kuinuka, kwa kumwonyesha kipande cha ugali, mpaka nikaanza kumwona mbwa kama mtu aliye jandoni. Jioni baba alikuwa akifumba jicho moja, amesimama nyuma ya mbwa, akilipima paja kwa kuliangalia. Alisema limeanza kurudi kabla futi haijasema hivyo.

Kaka alikuja Jumapili moja. Alimwona mbwa akivuka uwanja kwa miguu minne, anachechemea kidogo tu, na nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika. Jumapili iliyofuata alileta mfuko mkubwa wa mabaki ya nyama choma, mafuta yakiwa mengi kuliko nyama, akammwagia mbwa yote. Sisemi alifanya kusudi. Nasema tu kwamba alikuwa ameambiwa mbwa hatakiwi kunenepa, na kwamba maisha yake yote kaka yangu hajawahi kumletea mbwa chakula. Baba aliyazoa na kuyapeleka kwa mbwa wa jirani.

Mara ya mwisho kwa daktari tulienda sote, kaka akataka asikie mwenyewe. Daktari aliishusha futi, akasukuma goti. Droo ilikuwa bado inafunguka, lakini kwa ubishi, na upande wa ndani wa goti palikuwa pamejaa na kuwa pagumu kama fundo la kamba. Paja lilikuwa limerudi, si lote.

"Halitalingana na jingine," alisema. "Mguu huu utakakamaa siku za baridi. Na lile goti la kulia mliangalie, maana wengi likienda moja, la pili hufuata."

"Anaweza kuchunga?" kaka aliuliza.

"Kutembea na mbuzi siku nzima, naona ataweza. Kukimbiza, sina hakika."

Kila mmoja alitoka na nusu yake. Baba alisema daktari amesema ataweza. Kaka alisema daktari amesema hana hakika. Waliendelea hivyo hadi nyumbani, na kwa kuwa hawakukubaliana, wakakubaliana jambo moja: tumpeleke mbwa kijijini, tuone. Akishindwa, baba anarudi na gari lilelile. Baba alifunga godoro lake juu ya gari, kaka akasema lakini baba tunaenda kujaribu tu, baba akasema mtu hajaribu bila godoro.

Tulifika asubuhi. Jirani alitukabidhi mbuzi wetu kwa majonzi ya kweli. Baba aliwafungulia, wakatoka zizini kwa fujo kama watoto wa shule, na mbwa akawafuata. Hakutangulia kama zamani. Alienda pembeni, hatua kwa hatua, kichwa chini, ule mwendo wa Makole. Kaka alikunja mikono kifuani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukuta wa zizi, na sikujua tena nataka nini.

Tulikuwa hatujamaliza chai pale mbuzi mmoja, dume la madoadoa, lilipojitenga na kuelekea shamba la jirani. Mbwa aliinua masikio. Alianza kwa miguu minne, kisha alipoongeza kasi aliukunja ule wa kushoto, akaenda kwa mitatu, akirukaruka, na hakuwa na mbio za kulifikia dume hata kidogo. Kaka alishusha pumzi. Lakini mbwa hakulifuata. Alikata njia ya mkato kwenda kwenye uwazi wa boma la miiba la shamba hilo, mahali pekee ambapo dume lingeweza kupita, akasimama hapo, akauteremsha mguu chini. Alikuwa amesimama kwa minne. Akabweka mara chache, kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Dume lilimtazama, likatazama mtama, likageuka.

Mbwa alirudi polepole, akajilaza karibu na mbuzi, mguu wa kushoto ameunyoosha pembeni. Ulikuwa unatetemeka. Baba alienda akapiga goti, akaweka kiganja juu ya lile paja, akakiacha hapo mpaka lilipotulia.

"Kesho nitawatoa kwa kuchelewa," alisema, "na hatutaenda mbali."

Kaka alisimama muda, anaangalia mtama, anaangalia barabara. Kisha akaenda kwenye gari na kuanza kufungua kamba za godoro.